Mwongozo kamili: kuchagua injini na mashine kiongozi kabla hujaanza kutengeneza gemu ya mashine nyingi

Kama umekulia Bongo au Kenya miaka ya 2000 basi gemu ya GTA San Andreas unaijua vizuri, uliicheza kibandani unalipia kwa dakika huku nyuma yako kuna foleni ya watoto wanakuambia ukifa unatoka. Baadae ukaikuta kwenye kompyuta ya mtu, picha kali zaidi, alafu mwisho wa 2013 ikaingia kwenye simu, alafu 2021 ikaja iliyofanyiwa ukarabati. Gemu ni ileile ila kila ilipotua ilikuwa na tabia yake, na tabia hizo hazikutokea kwa bahati mbaya. Zilitokana na vitu viwili ambavyo madevelopa wengi wanaoanza wanaviamua kwa haraka bila kukaa chini: injini gani, na mashine gani inaongoza. Injini ni programu unayotumia kujengea gemu, na mashine kiongozi ni ile ambayo gemu inajengwa juu yake kwanza, nyingine zote zinafuata.

Nimeandika huu mwongozo kwasababu kila wiki napata swali la "injini gani nzuri?" na karibu hakuna anayeuliza "nianzie kwenye mashine gani?", wakati hilo la pili ndio linaloua miradi. Nitaenda hatua kwa hatua, lakini kwanza tumalizane na San Andreas maana ndani yake somo lote lipo.

Ilitoka PS2 mwezi Oktoba 2004, kompyuta na Xbox zikasubiri mpaka Juni 2005. PS2 ilikuwa na RAM ya MB 32, na MB 4 pembeni kwa ajili ya picha. Hebu fikiria, miji mitatu, mashamba, jangwa, vyote kwenye MB 32! Haiwezekani viingie kwa pamoja, kwahiyo gemu ilikuwa inasoma ramani kutoka kwenye DVD kadiri unavyoendesha gari na kutupa ulichokiacha nyuma. Na ule ukungu wa rangi ya machungwa unaofunika mbali? Ulikuwa unaupendezesha mji wa Los Santos kweli, lakini ulikuwa pia ni pazia, nyuma yake mji ulikuwa haujachorwa bado. Udhaifu wa mashine kiongozi ukageuzwa kuwa sura ya gemu.

Injini waliyotumia iliitwa RenderWare, ya kampuni ya Criterion ya Uingereza, na ilipendwa kwasababu ilikuwa inakimbia PS2, Xbox, GameCube na kompyuta, kazi ya kuhamisha ikawa nyepesi. Sasa mwaka huohuo wa 2004 EA, kampuni kubwa ya gemu, wakainunua Criterion. Rockstar, wenye San Andreas, wakajikuta wanategemea injini ambayo mwenye nyumba wake ni mshindani wao, wakajenga ya kwao, RAGE, na gemu ya kwanza waliyoitoa nayo mwaka 2006 ilikuwa ya tenisi ya mezani. Weka hilo kichwani tutalirudia.

Ile ya ukarabati ya 2021 ilifanywa na Grove Street Games, watu walewale waliokuwa wameipeleka kwenye simu, safari hii wakaivika Unreal Engine 4. Mashine mpya zina nguvu, hazihitaji pazia, ukungu ukapungua. Matokeo yake ukipanda mlima Chiliad unaona ramani nzima, na ile nchi kubwa uliyoizunguka masaa na masaa kibandani ikaonekana kama uwanja. Watu walilalamika sana, na Novemba 2024 ikaja apdeti iliyorudisha mwanga na ukungu wa zamani. Kwahiyo unapohamisha gemu unahamisha pia maamuzi yaliyofichwa ndani yake, na usipoyajua utayavunja.

Haya twende kazini.

Hatua ya 1: Andika mashine zote unazozitaka, alafu futa

Chukua karatasi. Andika Android, iPhone, Windows, Steam Deck, Switch, PlayStation, Xbox, wavuti, chochote. Mbele ya kila moja andika vitu vitatu: nani kwa jina anaimiliki kati ya watu unaotaka wacheze, unaweza kuishika mkononi wiki hii, na itakugharimu nini kuingia. Google Play ni dola 25 mara moja tu. Apple ni dola 99 kila mwaka, na bildi (faili la gemu lililo tayari kuwekwa kwenye kifaa) ya iPhone inahitaji Mac, yako au ya kukodi. Steam ni dola 100 kwa kila gemu. Konsoli unaomba, ukikubaliwa unasaini mkataba wa siri alafu unatafuta devkiti (konsoli maalum ya watengenezaji), hiyo ni safari ya miezi na wengi wetu huku haturuki hapo mwanzoni.

Baki na mbili. Tatu kama timu inazidi watu watano. Najua inauma kufuta lakini kila mashine unayoiacha kwenye karatasi ni kazi ya kila wiki mpaka gemu itoke.

Hatua ya 2: Chagua mashine kiongozi

Hapa ndipo ningependa ukae sana.

Kosa la kawaida ni kuifanya kompyuta iliyopo mezani kuwa kiongozi bila hata kuamua. Hakuna aliyekaa akasema "kompyuta inaongoza", ni vile tu unafungua injini asubuhi, unabonyeza kitufe cha kucheza, inakimbia vizuri, unaendelea. Miezi minane baadae unatoa bildi ya simu na gemu inaganda kama picha ya ukutani.

Angalia kilichowakuta wakubwa enzi za PS3 na Xbox 360. Xbox 360 ilitoka Novemba 2005, ina prosesa ya viini vitatu vinavyofanana na memori ya MB 512 ambayo prosesa na picha wanagawana wanavyotaka. PS3 ikaja Novemba 2006, ukijumlisha memori nayo ni MB 512, lakini imekatwa katikati: 256 za kazi za jumla na 256 za picha. Na prosesa yake, Cell, ilikuwa na kiini kimoja cha kawaida na viini vidogo ambavyo gemu ingeweza kutumia sita, kila kimoja kina KB 256 za kwake tu, ukitaka kukitumia lazima ukate kazi vipande vidogo, ukipelekee data mwenyewe, alafu uyachukue majibu mwenyewe. Kwa karatasi PS3 haikuwa dhaifu hata kidogo. Ilikuwa ngumu kuishi nayo.

Sasa waliojenga kwa 360 kwanza wakahamia PS3, wengi waliumia. Bayonetta ya 2009 PlatinumGames waliijenga kwa 360, ya PS3 ikashughulikiwa na Sega, ikatoka ina fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) chache na kusubiri kwingi mpaka ikaletwa apdeti ya kuiweka kwenye hard diski. Skyrim ya 2011 kwenye PS3 ilikuwa kadiri faili la sevu linavyokua ndivyo gemu inavyozidi kuganda, mtu kacheza masaa hamsini anaadhibiwa kwa kuipenda gemu, kwasababu vile vitu vyote ulivyovihamisha duniani vinatakiwa kukumbukwa na ile nusu ya memori haikopi kwa mwenzake.

Waliogeuza mambo walipata nafuu. Criterion haohao kwenye Burnout Paradise, 2008, waliiweka PS3 iongoze. Ukishakata kazi vipande vidogo vinavyojitegemea kwa ajili ya vile viini vya PS3, ukipeleka kodi hiyo (maandishi ya programu) kwenye 360 inakimbia vizuri tu, tena data ndogondogo zilizopangika zinaipendeza prosesa yoyote. Kutoka kwenye kubana kwenda kwenye nafasi ni kama kuhama chumba kimoja kwenda nyumba ya vyumba vitatu, vitu vyote vinaenea. Kinyume chake unaanza kuuza makochi.

Lakini angalia, mashine moja inaweza kubana sehemu moja na kulegea sehemu nyingine. Final Fantasy XIII iliongozwa na PS3, ambayo ilikuwa na Blu-ray, basi wakajaza video mpaka basi, ya 360 ikatoka kwenye DVD tatu na picha ya ubora wa chini. Kiongozi alikuwa mgumu kwenye memori ila mkarimu kwenye diski. Kwahiyo usiseme tu "hii dhaifu hii kali". Tengeneza jedwali, mashine zako upande mmoja, upande wa pili memori, prosesa, picha, nafasi ya kuhifadhi, ukubwa wa kioo, joto, na njia ya kuingiza amri. Kwenye kila safu izungushie duara ile inayobana zaidi. Yenye maduara mengi ndio kiongozi wako. Zile safu ambazo kiongozi hakuzungushiwa duara ziandike pembeni kwa wino mwekundu maana hapo ndipo utakuja kuchomwa kisu.

Kuna hali moja tu ambapo ningekuambia usifuate hii kanuni: pale wazo lenyewe la gemu linahitaji nguvu. Hapo uwe mkweli, usiahidi mashine ndogo. CD Projekt waliahidi Cyberpunk 2077 kwa PS4 na Xbox One za 2013, ikatoka Desemba 2020, kwenye kompyuta kali ilikuwa inapendeza, kwenye konsoli za zamani ilikuwa balaa mpaka Sony wakaitoa dukani wiki moja baadae, ikarudi Juni 2021. Na hata ukiwa mwangalifu ahadi moja inaweza kukushika shati: Larian na Baldur's Gate 3 walitoka kwenye kompyuta Agosti 2023 na PS5 Septemba, Xbox ikachelewa mpaka Desemba, sababu Xbox Series S ina memori ya GB 10 wakati Series X ina 16 na ile sehemu ya kugawa kioo wachezaji wawili haikuenea kwenye ndogo. Mwishoni ikatoka Series S bila hiyo sehemu. Mashine moja ndogo, kipengele kimoja, miezi mitatu.

Kwa wengi wanaosoma hapa kiongozi atakuwa simu ya Android ya bei ya chini, RAM ya GB 2 au 3. Hiyo ndio simu iliyopo kwenye daladala. Inunue, hata iliyotumika, na iwe mezani kabla hujaandika mstari wa kwanza.

Hatua ya 3: Chagua injini kwa kumtazama kiongozi

Kila injini ina kwao. Unreal ilizaliwa 1998 na gemu ya kompyuta ya kupigana risasi, mpaka leo ukiifungua inadhani unatengeneza dunia kubwa ya kuvutia yenye mwanga wa kila aina, na nusu ya kazi yako kwenye simu itakuwa kuizimia vitu. Unity ilianza 2005 kwenye Mac, watu wadogo wenye timu ndogo, simu zilipolipuka ikawa imekaa pazuri, na ndio maana msaada wa Android mtandaoni umejaa wa Unity. Godot ilianzia Argentina, kodi yake ikawekwa wazi 2014, ni nyepesi ajabu, inafunguka hata kwenye kompyuta ya kawaida na kuipakua hakumalizi bando. Ila konsoli hazimo ndani yake, kwasababu kodi za konsoli zipo chini ya mikataba ya siri na Godot kila kitu chake ni wazi, itabidi utumie kampuni ya kati.

Usiishie kwenye swali la "inasapoti Android?" Zote zinasema ndio. Uliza lugha yako ndani ya injini inafika kwenye mashine yako? Godot 4 ilipotoka Machi 2023 mtu aliyekuwa anaandika kwa C# (lugha ya kuandikia programu) alikuwa hawezi kutoa bildi ya simu kabisa, ya majaribio imekuja na 4.2 mwezi Novemba. Mtu aliyesoma tu "inasapoti Android, inasapoti C#" akaanza mradi Aprili, umemwelewa alivyojisikia.

Pili uliza mwenye injini ni nani na anaweza kubadili nini. Tulishaona RenderWare. Septemba 2023 Unity wakatangaza ada ya kila gemu inapowekwa kwenye kifaa, watu wenye gemu za bure zinazopakuliwa sana wakapiga hesabu wakaona wanadaiwa kuliko wanavyoingiza, kelele zikawa kubwa, wakapunguza, na Septemba 2024 wakaifuta. Imeisha lakini nenda kasome leseni. Unreal inachukua asilimia 5 baada ya gemu kuingiza dola milioni 1. Godot haidai kitu, na kodi yake yote unayo, siku wakikosana wao wewe unaendelea.

Kujenga injini yako? CD Projekt wenye mamia ya watu walikuwa na ya kwao, REDengine, na Machi 2022 wametangaza kuhamia Unreal Engine 5. Mimi nadhani jibu lipo hapo.

Jaribio lenyewe, siku mbili kwa kila injini: sehemu moja ya kuchezea, maadui 50 wanaotembea, menyu moja yenye maandishi ya Kiswahili, sauti mbili, kusevu na kufungua tena. Toa bildi iingie kwenye simu kiongozi. Andika namba nne: ukubwa wa bildi, sekunde mpaka menyu itokee, memori, na milisekunde kwa fremu. Namba hizo zichague injini, wala usinisikilize mimi.

Hatua ya 4: Weka bajeti ya fremu na ya memori

Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu una milisekunde 16.7. Fremu 30 ni 33.3. Kwa simu ya chini nenda na 30, lakini usilenge 33, lenga 22. Hizo zinazobaki ni za simu kupumua.

Nilijifunza kwa vitendo. Nilikuwa na gemu ya bodaboda, fremu 30 safi kabisa kila nikijaribu, nafurahi, naonyesha watu. Nikampa binti wa jirani simu acheze anavyotaka mimi niangalie tu. Dakika ya kwanza mpaka ya saba sawa. Dakika ya tisa kaihamishia mkono wa kushoto, akaufuta wa kulia kwenye kanga, akaendelea. Dakika ya kumi na mbili akanirudishia, "kaka inaunguza". Namba kwenye kona ya kioo inasoma 19. Mimi majaribio yangu yote yalikuwa ya dakika tatu. Prosesa ya simu ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe, hakuna feni mle, kwahiyo namba ya ukweli ni ya dakika ya kumi na tano, sio ya kwanza. Toka siku ile jaribio langu ni dakika ishirini na simu ikiwa kwenye kava lake, maana ndio watu wanavyoshika.

Memori nayo igawe mapema kwa jina: picha kiasi hiki, sauti kiasi hiki, kodi na injini kiasi hiki. Simu ya GB 2 haikupi GB 2, mfumo wenyewe na WhatsApp wamekaa humo tayari, na Android ikiona unazidi inakufunga bila hodi. Mimi kwa simu za namna hiyo naishi ndani ya MB 500.

Hatua ya 5: Tenganisha muda wa dunia na fremu

Hii ni fupi lakini isiporekebishwa mapema hairekebishiki. Gari likisogea sentimita 10 kila fremu, kwenye fremu 30 linaenda mita 3 kwa sekunde, kwenye fremu 60 mita 6. Need for Speed Rivals ya 2013 ilifungiwa fremu 30 hata kwenye kompyuta, na waliolazimisha 60 wakakuta gemu nzima inakimbia mara mbili. Dark Souls II kwenye kompyuta kwa fremu 60 silaha zilikuwa zinachakaa haraka kuliko kwenye konsoli za fremu 30, upanga uleule, adui yuleyule.

Dawa: fizikia na sheria za gemu ziende kwa hatua ya muda usiobadilika, mfano mara 50 kwa sekunde, picha zichorwe kwa kasi yoyote mashine inayoweza. Unity na Godot zina nafasi mbili za kuweka kodi, moja ya kila fremu na moja ya hatua maalum. Kila kinachogusa mwendo, uharibifu au hesabu ya muda kiende kwenye ya pili au kizidishwe na muda uliopita. Alafu jaribu kwa kuilazimisha gemu fremu 20, 30, 60 na 120, pima muda wa gari kumaliza mzunguko mmoja. Majibu yafanane.

Hatua ya 6: Teksicha na sheda

Teksicha ni picha inayovikwa kwenye vitu vya gemu. Moja ya pikseli 2048 kwa 2048 isiyobanwa inakula MB 16. Ukiibana kwa ASTC (njia ya kubana teksicha) ya 4x4 inakuwa MB 4, kwa ASTC ya 8x8 inakuwa MB 1. Ukiongeza zile nakala ndogo za kuonekana kwa mbali jumlisha theluthi. Ukuta wa mbali uende 8x8, uso wa mhusika 4x4. Kompyuta na konsoli wanatumia aina nyingine, familia ya BC, kwahiyo hifadhi picha asilia kubwa na uache injini ibane tofauti kwa kila mashine. Simu za zamani zisizojua ASTC zipe ETC2.

Vitu vyenye uwazi, moshi, vumbi, vioo, vikipandana mara tano sehemu moja simu inachora pikseli ileile mara tano. Vumbi la bodaboda yangu lilikuwa linakula milisekunde 6 peke yake. Nikabadilisha chembe 40 ndogo zikawa 6 kubwa zilizochorwa vizuri, hakuna aliyegundua.

Sheda ni programu ndogo zinazoiambia kadi ya picha ichore vipi. Konsoli kadi yake inajulikana, unaziandaa kabisa kabla. Kompyuta na Android kadi ni za kila aina, kwahiyo sheda inaandaliwa kwenye mashine ya mchezaji, na ikiandaliwa katikati ya gemu fremu inashtuka. Ule mshtuko mara ya kwanza unapoona mlipuko ndio huo. Punguza idadi ya sheda, na uziandae zote wakati wa kufungua gemu.

Hatua ya 7: Vidole, pedi, umbali wa kioo

Kidole gumba kinafunika sehemu ya kioo. Pedi haifuniki kitu lakini haiwezi kugusa popote inapotaka. Kwenye kodi usiandike "kitufe cha A kimebonyezwa", andika tendo, "ruka", "piga breki", alafu kila mashine iunganishe vitufe vyake. Maandishi nayo: Dead Rising ya 2006 watu wenye TV za kawaida hawakuweza kusoma maelezo, yalitengenezewa TV za HD. Kaa mita tatu kutoka kwenye TV usome menyu yako, kisha uisome kwenye simu juani saa saba mchana. Na Kiswahili kinahitaji upana, "Jaribu" inaenea ila "Inahifadhiwa" inavuka kitufe.

Hatua ya 8: Jenga ukuta, toa bildi kila Ijumaa

Kila kinachotofautiana kati ya mashine, sehemu ya kusevu, ununuzi, tuzo, kuingia akaunti, kiwekwe nyuma ya ukuta mmoja. Gemu iseme "hifadhi", isijue inahifadhi wapi. Ukikuta "kama ni Android" imetawanyika kwenye mafaili thelathini, ukuta umetoboka.

Alafu Ijumaa bildi zinatoka kwa mashine zote, hata kama hakuna jipya. Kuna kitu kilinilia siku nne. Kwenye Unity ndani ya kompyuta sevu inafanya kazi, kwenye simu inafunguka tupu bila kosa lolote. Kumbe bildi ya Android ya biti 64, ambayo Google Play wanaidai tangu Agosti 2019, inapitia IL2CPP (kigeuzi cha Unity cha kodi ya C# kwenda C++), na Unity inapobana bildi inatupa kodi ambayo haioni ikiitwa moja kwa moja. Maktaba yangu ya kusoma JSON (muundo wa maandishi wa kuhifadhi data) ilikuwa inaita madarasa kwa majina wakati gemu inakimbia, Unity ikaona hayatumiki ikayatupa. Dawa ni faili la link.xml lenye mistari michache linaloiambia isiyaguse. Siku nne hizo zilitokana na kwamba nilikuwa sijatoa bildi ya simu kwa wiki tano, kwahiyo nilikuwa na mabadiliko ya wiki tano ya kuyatilia shaka. Ningekuwa natoa kila Ijumaa ningeshuku siku tano tu.

Hatua ya 9: Kuhamia mashine ya pili

Anza pale mashine kiongozi ikiwa imemaliza sehemu moja nzima ya gemu, mwanzo mpaka mwisho, na sauti zake na sevu yake. Mapema zaidi unahamisha kitu kinachobadilika kila siku, na ukichelewa zaidi maamuzi yameshaganda.

Kwanza ifanye ifunguke tu, mbaya mbaya hivyohivyo. Pili, ichezeke. Tatu ndio irembeshe: kompyuta ipe teksicha kubwa, vivuli, uoni wa mbali, fremu zisizofungiwa. Hapo kumbuka mlima Chiliad, kabla hujaongeza uoni wa mbali panda sehemu ya juu kabisa ya ramani yako uangalie kinachoonekana.

Ukiwaza konsoli baadae, kuna ukaguzi. Watachomoa pedi katikati ya gemu waone kama inasimama, watailaza mashine na kuiamsha, watajaza nafasi ya kuhifadhi alafu wasevu. Hivyo vyote unaweza kuvijaribu leo kwenye simu: pigiwa simu katikati ya mbio, zima kioo, washa, jaza nafasi ya simu na picha za harusi kisha usevu. Mimi hiyo ya kupigiwa simu ndio ninayoanza nayo, maana kwenye gemu yangu ya kwanza ukipokea simu ukarudi, bodaboda ilikuwa imeshagonga ukuta zamani.